Mwaka Dada Alipokataa Kumshika Mtoto

Shemeji yangu Shija alizikwa Jumamosi, na mhubiri alisema marehemu alikuwa mtu wa maombi. Sikubisha. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wengine, bega kwa bega na dada yangu Minza, mjane wake, nikawasikia wenzangu wakiguna kwa kukubali, maana mzee yule kweli aliomba: aliomba kabla ya kula, kabla ya kulima, hata kabla ya kupanda baiskeli. Lakini katika kuomba kwake kote mimi nakumbuka sala mbili tu, na zote mbili alizisali katika mwaka mmoja, mwaka niliokaa nyumbani kwake nikiwa msichana. Ya kwanza hakujua kwamba naisikia. Ya pili aliisali mbele ya watu, na chakula nilichokuwa nimekipika kikapoa mezani bila mtu kukigusa. Mhubiri alikuwa kijana mdogo, hayo asingeyajua, na mimi si mtu wa kusimama msibani kumsahihisha mtumishi wa Mungu. Ila tangu siku ile usingizi umenikataa, na nimeona afadhali niyaandike kuliko kuhesabu mabati.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na jina langu halikutoka kwenye waliochaguliwa. Dada alikuwa na mimba ya pili, nikapelekwa kwake, kijiji kilichoko nje kidogo ya Bariadi, nikamsaidie maji na kuni na kumwangalia mtoto wake Holo, aliyekuwa na miaka mitatu hivi. Nyumba yao ilikuwa ya tofali mbichi, sebule katikati na vyumba viwili kando, na kuta za ndani hazikufika juu. Ziliishia kimo cha mtu mrefu aliyenyoosha mkono, kisha ilikuwa wazi hadi kwenye bati, kwa hiyo mtu akigeuka kitandani huku, wa kule anajua. Nililala chumba cha mazao, kati ya magunia ya michembe na debe la mbegu za pamba, na harufu ya vile viazi vilivyokauka ilinishika nywele mwaka mzima. Nilikuwa nafurahi, lazima niseme. Dada alikuwa mcheshi, na shemeji alinitania kila asubuhi. Akisikia nimekohoa tu ananiamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mke wangu mdogo, ng'ombe wako wa mahari bado wananyonya, subiri wakue." Nami namjibu kwamba sitaki ng'ombe wenye kupe, aje na gari.

Utani wa kupe ulikuwa na sababu. Zamani kila wiki ng'ombe wa kijiji chote walipelekwa josho, wakatumbukia na kutoka upande wa pili wakitiririka dawa. Dawa ilikuwa ya serikali, na mtu hakuuliza inatoka wapi. Mwaka ule josho lilikuwa limekauka, mna majani ndani na mbuzi wanalala humo kukwepa jua. Dawa ya pamba nayo, ambayo chama cha ushirika kilikuwa kikiigawa kwa wakati wake, sasa uliinunua popote, gulioni, dukani penye sukari na mafuta ya taa, ikiwa imepimwa kwenye chupa ya soda na kuzibwa kwa gunzi. Watu walikuwa wanasema ni soko huria, kila mtu ajitafutie. Basi wakajitafutia. Wakaona kwamba dawa inayoua funza wa pamba haiwezi kushindwa na kupe, wakaanza kuwapaka ng'ombe. Shemeji alitaka kujaribu, na nilimsikia dada akimkatalia tukiwa tunakula, ugali wa mtama na mlenda, mkono wake ukiwa bado ndani ya bakuli. "Dawa ya pamba ni ya pamba," alisema. "Siku ukiipaka kwa ng'ombe wangu wa maziwa, utakamua wewe na utakunywa wewe." Shemeji akacheka, akasema sawa mayu, yaani mama, nimesikia.

Kukamua kwa dada kulikuwa na mchezo wake, na ndio unaonirudia kuliko yote. Saa ya jioni ng'ombe wakishaingia zizini, Holo alikuwa anachuchumaa karibu na mguu wa mama yake na kufumbua kinywa, na dada, bila hata kumtazama, anageuza chuchu ya ng'ombe na kumrushia maziwa ya moto mdomoni. Mengine yanampata puani, anapiga chafya, wanacheka wote wawili. Nadhani karibu kila mtoto wa kwetu amenyweshwa hivyo. Siku ile ya mwanzo wa mvua tulikuwa tumeshinda shambani tukipanda pamba, mimi na dada, tukizitoa mbegu kwenye debe kwa mikono mitupu, na zile mbegu zilikuwa na unga wa dawa. Shemeji alikuwa ameamka kabla yetu, akashughulika zizini peke yake, kisha akaenda gulioni Bariadi. Jioni dada alinawa maji matupu, sabuni ilikuwa imekwisha, akaketi kukamua, na Holo akaja na kinywa chake wazi.

Kabla hatujaivisha ugali mtoto alianza kutokwa na udende, jasho likamjaa mwili mzima, akawa anatetemeka kama mtu mwenye baridi. Shemeji aliingia na baiskeli yake wakati huohuo. Hakuuliza, aliigeuza tu, nikapanda nyuma nimempakata Holo, na dada na tumbo lake akatufuata kwa miguu. Holo alikata roho mikononi mwangu kabla hatujafika zahanati. Tabibu alimfunua macho, akamnusa kinywa, akasema ni sumu, akauliza mtoto alikula nini. Nikasema maziwa. Wakati huo dada alikuwa ameshafika mlangoni, anahema, na neno la sumu alilisikia. Akaitazama mikono yake. "Ni mimi," alisema. "Nilitoka kupanda mbegu, nikanawa maji matupu. Nimemwua mwanangu kwa mikono yangu." Shemeji alikuwa amesimama pale ameshika usukani wa baiskeli. Nilimwona akifungua mdomo, na nilimwona akiufunga. Nimemfikiria sana mtu yule wa dakika ile, na sidhani kama alikusudia uongo. Uongo aliukuta umeshafika, akaukaribisha kiti.

Wiki ile ndama wa yule ng'ombe aliyekamuliwa naye akafa. Shemeji akasema ni ndigana, homa ya kupe, akamfukia mwenyewe nyuma ya zizi, na mimi nikashangaa kidogo kimoyomoyo, kwa sababu kwetu ndama hafukiwi, huliwa. Baba zake wadogo walikuja wakakaa sebuleni na kumshauri twende kwa mfumu, mganga wa kupiga ramli, mtoto hafi hivihivi, lazima kuna jirani. Shemeji akakataa, akasema yeye ni Mkristo na hapigi ramli. Kanisani wakamsifu kwa msimamo wake. Mimi pia nilimsifu.

Dada hakulia. Nilisubiri alie, wanawake wote walisubiri, na hakuna aliyeona chozi. Aliacha kugusa vitu. Kwanza aliacha kukamua, kazi hiyo nikaipokea mimi. Kisha akaacha kusonga ugali, akaacha kuchambua mboga, akawa anakula akiinamia bakuli, au hali kabisa. Kila saa anaosha mikono kwa majivu mpaka ngozi ikapasuka kati ya vidole, na nikimpaka samli anaifuta. Alijifungua mtoto wa kiume, wakamwita Masalu, na mkunga alipompa mtoto, dada aliirudisha mikono nyuma ya mgongo. "Mpe Kabula," alisema. Kabula ni mimi. Akawa ananyonyesha hivyo: analala ubavu, mimi namweka mtoto kifuani kwake, namshika kichwa mpaka ashibe, na dada ameifumbata mikono chini ya mapaja yake. Nikienda kisimani mtoto analia mpaka nirudi, na dada amekaa hatua chache tu kutoka kwake, machozi ya mtoto yanaingia masikioni, na yeye anamtazama. Masalu akaanza kukonda. Wanawake walipokuja kumtazama mzazi walikuwa wananong'ona uani kwamba huyu ama atamfuata mwenzake ama atafuatwa na mama, na mimi nikaanza kuificha kamba ya kufungia ng'ombe. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tano na nilikuwa nalala nikiwa nimeilalia kamba.

Shemeji hakutania tena. Alikuwa amehamia sebuleni kwa sababu ya uzazi, na alfajiri, dada akiwa ametoka uani kuosha mikono yake, yeye anapiga magoti kwenye mkeka na kuomba, ukuta wangu ukiwa kati yetu. Kwa kawaida nilikuwa nasikia mvumo tu. Alfajiri moja maneno yakaja wazi, kwa Kisukuma, lugha ambayo kanisani hakuitumia kuomba, kule waliomba kwa Kiswahili. Alikuwa anamwambia Mungu kwamba dawa ilikuwa ya kwake. Kwamba alichovya kitambaa katika dawa bila kuichanganya na maji, akawapaka ng'ombe wote, na akawapaka zaidi kwenye viwele maana kupe ndiko walikojaa. Kwamba alifikiri atawahi kurudi amwambie mke wake asikamue, kisha gulioni akakutana na watu, jua likamchwea. Alimwomba Mungu amsamehe, akarudia, akarudia, sauti ikawa inakwaruza. Kisha akamwomba jambo la pili, na hilo ndilo lililoniinua kitandani: alimwomba Mungu amponye Minza bila yeye kusema.

Sikujua nifanye nini na jambo kubwa kiasi kile. Nilikamua, nikachemsha uji, nikamweka mtoto kwa mama yake, nikamtoa. Shemeji alikuwa chini ya kibanda anakaza nati za plau. Nikamsogelea na kumwambia, bila salamu, "Shemeji, Mungu amekusikia. Na mimi nimekusikia. Amebaki dada."

Spana ilimtoka mkononi. Alikaa chini kwenye vumbi, mtu mzima na miguu yake mirefu, akaniambia nisimwambie. Akasema, "Ataondoka. Atarudi kwenu, na mtoto atakufa njiani."

"Mtoto anakufa hapahapa," nilisema. "Hujamwona mbavu?"

"Nimemwomba Mungu sana, Kabula. Naomba mpaka nachoka, na nikisimama mzigo ni uleule."

"Unaomba kwenye mlango wa jirani," nilimwambia. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba heshima ilinipotea, na mpaka leo sijaitafuta. "Aliyekosewa yuko ndani."

Akaniomba muda. Akasema Jumapili mwinjilisti atakuja na akina mama wa kanisa kumwombea dada, baada ya hapo atasema. Nilijua ni ujanja wa kununua siku, lakini nikakubali, maana na mimi niliogopa. Siku zile kabla ya Jumapili zilikuwa mbaya kuliko hata za msiba. Nilikuwa namtazama dada akijisugua kwa majivu na jibu la maumivu yake limo kinywani mwangu, nalimeza pamoja na ugali.

Walikuja mchana baada ya ibada. Nilikuwa nimechinja kuku, nikapika na wali wa Bariadi ule unaonukia, nikaandaa sebuleni, na mwinjilisti akasema tuombe kwanza. Alikuwa mzee mpole, sina neno naye. Alimwambia dada kwamba hakuna dhambi isiyosameheka, afungue mikono yake apokee msamaha wa bure. Dada aliitoa mikono chini ya kanga, na wale akina mama walipoiona jinsi ilivyopasuka mmoja alijiziba mdomo. "Nimeomba," dada alisema. "Tangu siku ile naomba. Nikifumba macho namwona amefumbua kinywa. Mungu akinisamehe, mimi nitaiweka wapi mikono hii?" Mwinjilisti akamgeukia shemeji na kumwambia, basi baba wa nyumba hii afunge kwa sala.

Tukainama. Shemeji akaanza kwa Kiswahili cha kanisani, Mungu Baba mwenye rehema, tunakushukuru kwa siku hii. Kisha akaendelea kwa Kisukuma, na akayasema yote, kitambaa, viwele, gulio, baiskeli, mlango wa zahanati. Akasema, "Bwana, mwanamke huyu mikono yake ni safi. Ulijua, na mimi nilijua, tukamwacha." Nilifumbua macho. Dada alikuwa ameyafumbua zamani, anamtazama mumewe aliyepiga magoti amefumba ya kwake.

"Asubuhi ile," dada alisema.

"Asubuhi ile."

"Na ndama?"

"Na ndama."

Dada akasimama, akatoka. Mwinjilisti alinionyesha kwa kichwa nimfuate, na nilikuwa nimeshainuka, kwa sababu niliikumbuka kamba. Hakwenda kwenye kamba. Alisimama kwenye zizi tupu, ng'ombe walikuwa malishoni, akaishika miti ya uzio kwa mikono miwili, na kilio kilichokuwa kimemkawia miezi yote ile kikatoka. Alilia kwa sauti ya siku ya kwanza ya msiba, akimwita Holo kwa jina, mpaka majirani wakaja mbio wakidhani kuna mwingine amekufa. Nilisimama nyuma yake na Masalu mgongoni. Alipogeuka uso ulikuwa umemvimba. "Nipe," alisema. Nilifungua kanga, nikampa, naye akampokea, akamgeuzageuza kama mtu anayekagua kitu kilichorudishwa na mwizi, kisha akaketi palepale kwenye samadi akamnyonyesha, mkono mmoja chini ya kichwa na mwingine chini ya makalio, anavyofanya kila mama duniani.

Ningependa kuishia hapo. Mhubiri wa Jumamosi angeishia hapo. Lakini nilikaa mpaka mavuno, na niliona. Alfajiri iliyofuata shemeji alikoroma kwa mara ya kwanza tangu msiba, na kukoroma kule kulinikera. Kwake yeye ilikuwa wazi kwamba kitu kimetua. Aliomba kwa sauti ya kawaida, alikula, alibeba maji kisimani kazi iliyowafanya wanaume wa kijiji wamcheke, hakujali. Dada alirudi kwenye chungu chake na mboga zake, mikono ikapona, ila hakumsemesha. Alimwekea chakula na kuondoka. Kwenye sala ya jioni tuliyoisali pamoja sisi watatu, ile aliyofundisha Bwana mwenyewe, dada alikuwa anafika pale pa kuomba tusamehewe kama sisi tunavyosamehe, ananyamaza, na sisi wawili tunamalizia bila yeye. Jioni baada ya jioni. Shemeji hakuwahi kugeuza kichwa wala kumlaumu. Alipunguza tu mwendo pale, kama mtu anayemsubiri mwenzake aliyeinama kufunga kiatu, na akiona haji anaendelea.

Hata Mungu dada alimkasirikia. Nilimsikia siku moja akiongea naye peke yake jikoni, anapuliza moto na kusema, wewe ulikuwa unajua, uliniona naosha. Lakini alikuwa anaongea naye, na mtu uliyeachana naye huongei naye. Wakati wa kuchambua pamba, tukiwa sebuleni tumezama hadi kiunoni katika pamba, safi huku na fifi, ile chafu, kule, na wanunuzi wa makampuni wanapita barabarani na malori yao wakishindana kwa honi, shemeji aliingia kuchukua gunia. Dada akamwambia, macho yakiwa kwenye kazi, "Leo alfajiri nimeomba, nikafika mwisho." Shemeji alitoka na lile gunia tupu. Kupitia dirishani nikamwona amejishika kwenye ukuta wa jiko, mabega yanamcheza. Wiki iliyofuata nilirudi nyumbani, na nikaondoka nikiamini kwamba nimeacha watu waliosameheana. Niliolewa, nikahamia Mwanza, nikazaa, na kila nilipomsikia mtu akisema hawezi kusamehe nilimpa mfano wa dada yangu.

Jumamosi, watu walipopungua, tulibaki wawili chumbani kwake. Masalu, sasa mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa nje anawagawia wageni chai. Dada alikuwa amevua kitambaa cha kichwani, nywele zote nyeupe. Nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza, kama siku ile ya pamba ndiyo siku aliyomsamehe.

"Ndiyo," alisema. "Siku ile asubuhi nilimsamehe. Ikafika saa ya kukamua, nikaketi kwenye kigoda, nikatazama pale mguuni pangu. Msamaha ukawa umekwisha."

"Halafu?"

"Halafu kesho yake nikaomba tena. Mungu akanipa tena. Msamaha wa siku moja, Kabula. Hakuwahi kunipa wa siku mbili. Asubuhi namsamehe nampikia chai, jioni nakamua siwezi kumtazama. Yeye alikuwa anajua. Jioni alikuwa hanisogelei, anasubiri kuche."

"Miaka yote hii?"

"Mpaka juzi."

Nje mtu alikuwa anaburuta mabenchi. Nikamfikiria mwanaume yule akiusubiri mwanga maisha yake yote, na dada yangu akipiga magoti kila alfajiri kuomba kitu kilekile alichokipoteza jana yake, nikauliza, kwa sababu niliogopa kulibeba hilo hadi Mwanza bila kujua, "Na siku aliyokufa?"

"Asubuhi nilikuwa nimemsamehe," dada alisema, akakunja kile kitambaa juu ya magoti yake. "Alikufa saa sita mchana. Ng'ombe walikuwa bado malishoni."